Majibu ya Mfanyakazi: Historia ya Ukimwi na Ajira Afrika Mashariki

Historia ya ukimwi husimuliwa zaidi kwa kuanzia wodini na maabara, mahali ambapo ugonjwa ulitambuliwa na dawa zikatafutwa. Iko njia nyingine ya kuisimulia, nayo ndiyo tutakayoifuata hapa: njia ya ajira. Kwa takriban karne moja virusi vya ukimwi (VVU) vimesafiri kwa reli, barabara na kambi zilizojengwa ili kuhamisha vibarua, madini na mazao. Kwa takriban miaka 40 mahali pa kazi pamekuwa pia uwanja wa watu kupimwa, kuelimishwa, kufukuzwa na kutetewa. Katika kipindi hicho chote swali moja limerudi kwa kila kizazi kwa sura mpya: mfanyakazi akishapimwa, majibu ni ya nani? Pale yalipokuwa mali ya mwajiri, watu walikikimbia kipimo. Pale yalipobaki mikononi mwa mfanyakazi mwenyewe, watu walijitokeza, wakatibiwa, na maambukizi yakapungua. Ushahidi wa kauli hiyo tutauona enzi kwa enzi.

Mwanzo wa yote ulikuwa Afrika ya Kati. Wanasayansi wamefuatilia chembe za urithi za virusi hivyo hadi misitu ya kusini-mashariki mwa Kamerun, ambako vilivuka kutoka kwa sokwe kwenda kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Kutoka huko vilifika Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba aina iliyokuja kuenea duniani ilianza kusambaa mjini humo karibu na mwaka 1920. Mji huo ulikuwa kitovu cha kazi cha koloni la Ubelgiji: bandari ya mto, stesheni na maghala, na wanaume waliotengwa na familia zao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 abiria zaidi ya milioni 1 walipita hapo kila mwaka kwa reli. Reli zilielekea kwenye almasi ya Mbuji-Mayi na shaba ya Katanga, na virusi vikapanda pamoja na vibarua hadi Lubumbashi, mji wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya mgodini na ya makambi. Sampuli ya damu iliyohifadhiwa Léopoldville mwaka 1959 ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa virusi hivyo katika mwili wa binadamu. Wakati huo hakuna aliyejua kilichomo ndani yake.

Wakati virusi vikienea kimyakimya upande wa magharibi, Afrika Mashariki ilikuwa ikijengewa mfumo wa ajira ambao baadaye ungevipokea kwa urahisi. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitegemea manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba wa Tanganyika waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua hao. Kenya ilikuwa na kipande, hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba shingoni. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika waliandikishwa kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na kabla ya kushuka shimoni walivuliwa nguo na kukaguliwa na daktari wa kampuni. Urithi wa enzi hiyo ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni kambi ya wanaume wasio na wake zao, na biashara ya ngono iliyoizunguka. Wa pili ni desturi ya mwili wa kibarua kukaguliwa kwa faida ya mwajiri: daktari alilipwa na kampuni, aliandika ripoti kwa kampuni, na aliyekutwa mgonjwa alirudishwa kwao bila maelezo. Desturi hiyo haikufutika siku bendera zilipobadilishwa.

Baada ya uhuru njia za kazi ziliongezeka. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam hadi Zambia ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikaanza kazi katikati ya muongo huo. Kaskazini, malori yalipanda kutoka Mombasa kupitia Nairobi na Malaba hadi Kampala, na kutoka Kampala hadi Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Penye mizani, penye forodha na penye kilima kirefu kinachochosha injini, miji midogo ya kulala ilichipuka: nyumba za wageni, baa, mama lishe, utingo wakilala chini ya gari. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliwapitisha wanajeshi na wakimbizi katika mpaka wa Tanzania na Uganda, na uhaba wa bidhaa uliofuata ukayafanya magendo ya Ziwa Viktoria kuwa ajira ya vijana wengi. Barabara ilikuwa tayari, na wasafiri walikuwa tayari, ugonjwa ulipowasili.

Tarehe 5 Juni 1981 mamlaka ya afya ya Marekani ilitoa taarifa ya vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Mwaka uliofuata watu wa Kasensero, kijiji cha wavuvi na wafanyabiashara katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, walianza kufa kwa ugonjwa wa kukonda. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, ambako wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyovuka mpaka pamoja na wafanyabiashara. Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa, na Zanzibar nayo ilimpata wa kwanza mwaka huohuo. Miaka mitatu ilitosha, kwa kuwa waliokuwa wakisafiri zaidi walikuwa ndio wenye kazi na fedha: madereva, wafanyabiashara, askari, maofisa wa serikali.

Mwaka 1983 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akiwemo Françoise Barré-Sinoussi, walikuwa wamekitambua kirusi, na mwaka 1985 kipimo cha kwanza cha damu kikaidhinishwa. Kilikusudiwa kulinda damu ya kuongezewa wagonjwa. Haikuchukua muda waajiri na serikali wakaona matumizi mengine. Marekani iliwazuia wageni wenye virusi kuingia nchini humo kuanzia mwaka 1987, zuio lililoondolewa Januari 2010. Afrika Kusini ikatoa mfano mchungu zaidi kwa bara letu: kati ya mwaka 1988 na 1992 wachimba migodi wa Malawi wapatao 13,000 walirudishwa kwao, na sababu iliyotolewa ni kwamba katika miaka miwili iliyotangulia wenzao wapatao 200 walikutwa na virusi. Hesabu hiyo inafaa kutazamwa vizuri. Kwa ajili ya watu 200, ambao bado wangeweza kufanya kazi kwa miaka, maelfu walipoteza riziki, na vijiji vya Malawi vilivyoishi kwa fedha za mgodini vikafundishwa kwamba tone la damu linaweza kufunga mlango wa ajira ya taifa zima.

Zilikuwepo sauti zilizopinga mapema. Juni 1988 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliitisha kikao cha pamoja kuhusu ukimwi na mahali pa kazi. Tamko lake lilisema wazi kwamba mtu asipimwe ukimwi kama sharti la kuajiriwa, kwamba mfanyakazi halazimiki kumwarifu mwajiri hali yake, na kwamba kuambukizwa pekee si sababu ya kuachishwa kazi. Misingi yote iliyokuja kuwa sheria miaka 20 baadaye ilikuwa tayari imeandikwa humo. Kilichokosekana ni nguvu ya kuitekeleza.

Katika ofisi na viwanda vya Afrika Mashariki, mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 ulikuwa wakati wa misiba. Daftari la michango ya rambirambi lilizunguka idarani kabla la msiba uliopita halijafungwa. Gari la kampuni lilipangiwa ratiba ya kusafirisha maiti kwenda Bukoba, Kisumu au Masaka. Karakana zilipoteza mafundi waliokuwa wamefundishwa kwa miaka, shule zilipoteza walimu, hospitali zikapoteza wauguzi. Aliyeanza kukonda alihamishiwa kazi ya chini, au alipewa likizo isiyo na mwisho, na wenzake walinong'ona kwamba amekanyaga miwaya. Kipimo kilikuwepo katika hospitali kubwa, lakini kilimpa mfanyakazi nini? Tiba haikuwepo, sheria ya kumlinda haikuwepo, na uwezekano wa daktari kumweleza bosi kabla ya kumweleza mgonjwa ulikuwa mkubwa. Kukaa bila kujua kulikuwa na mantiki yake.

Kimya hicho kilivunjwa kwanza na wafiwa na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe Januari ya mwaka huo, alianzisha shirika la msaada la TASO mjini Kampala pamoja na wenzake, baadhi yao wakiwa tayari na virusi. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha shirika kama hilo, WAMATA, jijini Dar es Salaam. Mwaka huohuo mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa ana ukimwi, akatumia miezi yake ya mwisho kuzunguka shuleni na makanisani. Serikali ya Uganda ilikuwa imekwisha kukiri tatizo mbele ya mataifa mwaka 1986, na Shirikisho la Waajiri la nchi hiyo likawa miongoni mwa mashirikisho ya kwanza Afrika kuendesha mafunzo ya ukimwi viwandani. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Ukimwi katika miaka hiyohiyo. Msingi ulikuwa mmoja: mtu humsikiliza zaidi anayefanana naye.

Miaka ya 1990 ilikuwa enzi ya utafiti, na watafiti waliwafuata watu kazini. Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifungua kliniki kandokando ya barabara kuu ili kuwapima madereva wa masafa marefu walipokuwa wakisubiri. Mjini Mombasa wafanyakazi wa kampuni za malori walifuatiliwa kuanzia mwaka 1993, wakapewa ushauri na tiba, na magonjwa ya zinaa yakapungua miongoni mwao. Mjini Mwanza wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walifuatiliwa kati ya mwaka 1991 na 1996. Mkoani humohumo utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, matokeo yaliyosomwa dunia nzima. Dar es Salaam askari polisi walianza kushiriki tafiti katikati ya muongo huo, na kutoka katika kundi hilo wakapatikana watu 60 waliojitolea kuanzia mwaka 2007 kuchanjwa chanjo ya majaribio. Askari hao walikubali kwa hiari, kwa maelezo kamili, na haki ya kujitoa wakati wowote. Miaka 50 kabla yao, babu zao waliokwenda mgodini hawakuulizwa.

Utaratibu wa mwelimishaji rika ulikomaa katika enzi hiyo. Kati ya mwaka 1990 na 1993 shirika la afya la AMREF liliendesha mradi kwenye vituo vya malori nchini Tanzania, ambapo madereva wenyewe, wahudumu wa baa na wauzaji wadogo walifundishwa kufundisha wenzao. Tuutazame kwa karibu utendaji wake. Mwelimishaji hakuitisha mkutano. Alikaa kwenye benchi la mama lishe jioni, magari yakiwa yamepangwa mstari, akasubiri mazungumzo ya safari, posho na wanawake yaanze yenyewe. Kisha akatoa kondomu mfukoni, akaonyesha jinsi ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, jinsi ya kubana ncha ili hewa isibaki, na mahali pa kuihifadhi garini pasipo na joto la injini. Aliyetaka kuuliza zaidi alimfuata pembeni. Hakuna nyapara aliyesikia, hakuna jina lililoandikwa. Elimu hiyo ilipokelewa kwa sababu haikumgharimu mtu kazi yake.

Mwaka 1990 kituo cha kupima kwa hiari na bila jina kilifunguliwa Kampala, na kati ya mwaka 1995 na 1998 utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania na Trinidad ulithibitisha kwamba kupima kwa hiari pamoja na ushauri nasaha hupunguza ngono isiyo salama. Neno zito katika utafiti huo lilikuwa hiari. Mwaka 1996 tiba ya dawa tatu kwa pamoja ilitangazwa kubadilisha ukimwi kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kudumu, ila bei yake ilizidi dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mfanyakazi wa Afrika Mashariki aliisikia habari hiyo redioni kama habari za nchi nyingine. Septemba 1997 nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, zilikubaliana juu ya kanuni za ukimwi na ajira, ambazo zilikataza upimaji kabla ya ajira. Karatasi ilikuwa njema. Ililala mafailini, maana mtu asiye na tiba hana sababu ya kudai haki ya kupimwa vizuri.

Mwisho wa karne ulileta mageuzi kwa kasi. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza ukimwi kuwa janga la taifa la Kenya, na Desemba mwaka huo Rais Benjamin Mkapa akafanya vivyo hivyo Tanzania. Tume ya Kudhibiti Ukimwi Tanzania, TACAIDS, ilipata nguvu ya kisheria mwaka 2001. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba shirika la ndege la nchi hiyo lilivunja haki ya Jacques Hoffmann kwa kumnyima kazi ya uhudumu wa ndani ya ndege kwa sababu ya VVU, ikaamuru aajiriwe. Hukumu hiyo ilinukuliwa baadaye katika mahakama nyingi za Afrika. Juni 2001 Shirika la Kazi Duniani lilitoa kanuni zake za ukimwi na ulimwengu wa kazi. Mapema mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imejitolea kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, na ukuta wa bei ukaanza kubomoka.

Waajiri wakubwa waliposoma hesabu za vifo, baadhi walitangulia serikali zao. Mwaka 2001 Debswana, kampuni ya almasi ya Botswana, ilianza kuwalipia wafanyakazi wake na wenzi wao dawa za kufubaza virusi, na Agosti 2002 Anglo American ya Afrika Kusini ikatangaza kuwapa wafanyakazi wake bure. Nchini Tanzania, Mgodi wa Dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na TACAIDS ulianzisha mwaka 2002 safari ya kila mwaka ya kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya ukimwi. Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi na magonjwa mengine uliundwa mwaka 2002, Marekani ikatangaza PEPFAR, mpango wake wa misaada ya ukimwi, mwaka 2003, na Oktoba 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa bila malipo. Kuanzia hapo kipimo kilipata maana mpya. Aliyepima hakupokea tena habari mbaya tu. Alipokea kadi ya kliniki na miaka ya kuishi.

Sheria zikafuata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitaja hali ya VVU miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mfanyakazi. Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 2 wa mwaka 2006 uliweka utaratibu wa kuwahudumia watumishi wanaoishi na virusi, ikiwemo msaada wa lishe kwa wale waliojitokeza. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilimtaka kila mwajiri kuwa na mpango wa ukimwi mahali pa kazi wenye elimu, kondomu na msaada kwa wanaoishi na virusi. Ilikataza kumlazimisha mtu kupima, na ikaifanya siri ya majibu kuwa wajibu wa kisheria. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2006 na kuunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya VVU. Miaka miwili kabla, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imekubali kwamba mhudumu wa kike aliyelalamika kupimwa bila ridhaa na daktari, kisha majibu yake kupelekwa kwa mwajiri na yeye kufukuzwa, ana hoja ya kusikilizwa. Uganda ilipotunga sheria yake mwaka 2014 ilichanganya ulinzi na vifungu vinavyomruhusu mhudumu wa afya kufichua majibu katika mazingira fulani, na wanaharakati wakalalamika kwamba vifungu hivyo vitawarudisha watu mafichoni. Hofu yao ilikuwa na historia nyuma yake.

Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipimwa mbele ya umma katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Mahema ya kupimia yalisambaa hadi kwenye viwanda, bandari, mashamba ya chai na viwanja vya Mei Mosi. Vipimo vya haraka vilikuwa vimechukua nafasi ya vile vya maabara vilivyohitaji majuma kadhaa: kidole kinachomwa, tone moja linawekwa kwenye kijiti, dakika 15 zinapita, mstari mmoja au miwili inajitokeza. Hata hivyo urahisi huo ulileta mtihani wake. Hema lililofungwa mbele ya geti la kiwanda lilionekana na kila mtu. Wenzako walijua umeingia, walihesabu muda uliokaa na mshauri, na aliyechelewa kutoka alitungiwa hadithi. Waratibu waliokuwa na busara walijifunza kumweka kila mtu muda uleule na mshauri, kupima sukari na shinikizo la damu katika hema hilohilo, na kuwataka mameneja wapange foleni na wafagizi. Siri ikawa kazi ya mpangilio wa viti na saa, mbali na kiapo cha mshauri.

Juni 2010 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 200, kiwango cha kwanza cha kimataifa cha kazi kuhusu VVU, na mwaka 2013 likaanzisha mpango wa kuwafikia wafanyakazi milioni 5 kwa upimaji wa hiari mahali pa kazi. Katikati ya matukio hayo sayansi ilipiga hatua iliyobadili kila kitu. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa ulithibitisha kwamba anayetumia dawa mapema humkinga mwenzi wake kwa zaidi ya asilimia 90, na baadaye ikathibitika kwamba mtu ambaye virusi vyake vimefubaa hadi kutoonekana katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Mwaka 2016 Tanzania iliamua kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Tiba ikawa kinga, na kumtunza mfanyakazi mwenye virusi kukawa njia mojawapo ya kuwalinda wenzake wote.

Hapo tatizo jipya likaonekana: wanaume. Walipima kwa uchache kuliko wanawake, ambao hukutana na kipimo kliniki ya wajawazito. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa saa za kazi. Kituo cha tiba na matunzo kilifunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, muda uleule ambao kibarua wa siku hawezi kuukosa bila kukosa ujira. Mwaka 2018 kampeni ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa Dodoma na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, iliwalenga wanaume moja kwa moja. Kliniki zilianza kutoa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, ili mtu asiombe ruhusa ya siri kila mwezi. Mwaka 2019 Bunge la Tanzania liliruhusu watu kujipima wenyewe. Kifaa cha kujipima kinatumika chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na mwenye kusoma majibu ni mtu mmoja. Kwa upande wa swali tulilolifuata tangu enzi ya manamba, hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Leo tunaweza kuyapima matokeo. Mwaka 2003 na 2004 takriban asilimia 7 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi, na kila mwaka watu wapatao 60,000 wakiambukizwa upya. Miongoni mwa wanaoishi na virusi, takriban asilimia 83 walijua hali yao. Kati ya waliojua, asilimia 98 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Takwimu hizo zinasema jambo moja kwa sauti. Tukishamfikisha mtu kwenye majibu yake, karibu kila kitu kingine kinafanikiwa. Pengo liko kwenye hatua ya kwanza, ya kujua, na hofu ingali imesimama hapohapo.

Mapengo mengine ni ya mfumo wa ajira wenyewe. Sheria ya mwaka 2008 inazungumza na mwajiri, ilhali sehemu kubwa ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki hawana mwajiri: wavuvi wa dagaa wanaohama na mwezi katika visiwa vya Ziwa Viktoria, wachimbaji wadogo, bodaboda, mama lishe, wapagazi wa sokoni. Hawana mwongozo wa ukimwi ukutani wala ofisa rasilimali watu wa kumlalamikia. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani na ulinzi katika nchi za Ghuba bado hupimwa VVU kabla ya viza, na anayekutwa navyo hunyimwa safari. Ukaguzi wa enzi ya Witwatersrand unaendelea katika kliniki zenye viyoyozi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi waliolipwa na miradi wakasimamishwa kazi, na nchi zetu zikaonyeshwa jinsi nguzo kubwa ya mapambano haya ilivyojengwa kwa fedha za wengine. Tanzania ina Mfuko wa Udhamini wa Ukimwi wa kwake, lakini mzigo ni mkubwa kuliko mfuko huo.

Urithi tuliopokea, basi, una pande mbili. Njia zilizosambaza virusi hazijabadilika sana: kazi ingali inawatenganisha watu na familia zao, na umaskini ungali unaulazimisha mwili kuwa mtaji. Kilichobadilika ni makubaliano kwamba damu ya mfanyakazi haiwi hati ya mwajiri, na makubaliano hayo yalilipiwa kwa riziki za Wamalawi waliofukuzwa, kwa ujasiri wa waliokwenda mahakamani, na kwa maisha ya waliokufa kabla ya dawa. Kazi iliyobaki ina majina yaliyo wazi. Chama cha wafanyakazi kiingize siri ya majibu na ruhusa ya kliniki ndani ya mkataba wa hali bora. Mwajiri atenge fedha za mpango wa ukimwi katika bajeti yake bila kungoja mfadhili. Halmashauri zipeleke huduma mialoni, machimboni na vijiweni, kwa saa ambazo watu wa huko wanapatikana. Wizara za kazi ziweke suala la upimaji wa wahamiaji mezani kila zinapotia saini makubaliano ya ajira na nchi za Ghuba. Mfanyakazi mwenye hakika kwamba majibu yake hayatamwondoa kazini atapima. Na mfanyakazi aliyepima na kutibiwa ndiye kinga bora kuliko zote ambayo historia hii ndefu imetupatia.